Kamati inataka nikope kwenye kikoba ili sendofu ya mdogo wangu ifanyike, nifanyeje?

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu lisitokee. Mimi ni dada wa miaka 29 naishi Tabata, kazi yangu ni kusimamia sherehe, yaani sendofu (ile ya kumuaga binti kabla ya harusi), kicheni pati, harusi, komunio, na siku hizi mpaka vikao vya ofisi wakitaka nawapangia. Nilianza kwa kumsaidia dada mmoja wa mapambo pale Sinza, nashona vitambaa vya meza na kufunga riboni kwenye viti, mpaka nikaanza kupata kazi zangu mwenyewe nikasajili jina kwa wasajili wa biashara, BRELA, na saivi nina wasichana watatu nafanya nao kazi. Kazi naipenda Anti sikufichi, ile saa mwali anaingia ukumbini na mama yake anaanza kulia mi huwa nasisimka kila siku.

Sasa tatizo langu ni hili. Mtoto wa mamdogo anaolewa Desemba na sendofu tunafanya sisi wiki ya tatu ya Novemba, zimebaki wiki tano. Tangu mwezi wa saba mamdogo alishasema hakuna kutafuta mtu wa nje, mratibu tunaye nyumbani, nikafurahi. Kamati ikaundwa, mwenyekiti mjomba, mweka hazina jirani yao wa Kimara, katibu binamu yangu, na grupu la wasap likajaa watu. Bajeti ikapitishwa milioni 28, wageni 350. Ukumbi milioni 4, chakula sahani 25,000 ambayo inakuja 8,750,000, vinywaji 4,600,000, mapambo 4,500,000, vilivyobaki ni MC, muziki, picha na video, keki, ndafu, kadi, nguo za mwali na mpambe wake, hela ya kuvunja kamati (kajisherehe ka wajumbe mambo yakiisha) laki 9, na mimi wakaniandika 1,200,000.

Ahadi zimefika milioni 31. Kila kikao katibu akizisoma watu wanapiga makofi. Ila pesa iliyoingia mpaka leo ni milioni 9 na laki 2 tu, tumelipa advansi ya ukumbi milioni 2 na mpambaji milioni 1, kwa mweka hazina zimebaki 6,200,000. Mama wa chakula anataka asilimia 70 siku kumi kabla na yuko sahihi maana nyama hainunuliwi kwa maneno. Jumapili iliyopita nikauliza kama tupunguze wageni, mjomba akasema mwanangu usituvunje moyo, ahadi zipo, watu wetu hawajawahi kutuangusha. Baada ya kikao mamdogo akaniita jikoni akaniambia nichukue mkopo wa milioni 5 kwenye kikoba changu, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilipie chakula na nimalizie mapambo, eti ahadi zikiingia wananirudishia kabla hata riba haijaanza kuuma. Usiku mama yangu mzazi nae akapiga, usituaibishe, huyo ni mdogo wako na wewe ndo unazijua hizi kazi.

Mume wangu hataki hata kusikia. Na kuna dada mwingine niliyemsimamia harusi mwezi wa sita mpaka leo ana deni langu 1,400,000, meseji anasoma hajibu, ile hela ndo nilipanga iwe kianzio cha kununua viti vyangu mwenyewe niache kukodi. Nimechoka Anti, mpaka nawaza niachane na hii kazi nikauze nguo Kariakoo.

Nikope? Na nikikataa nitaongeaje na mamdogo bila undugu kuvunjika? Lile deni nalidaije? Na viti ninunue au niendelee kukodi?

Mratibu wa Tabata


Marahaba mwanangu, na pole kwa uzito uliobeba.

Usikope. Nimeanza na hilo kwa sababu najua kikao kingine ni Jumapili na simu ya mama yako itaingia tena kabla ya hapo, na mtu akiombwa na mama yake mzazi saa 4 usiku anaweza kusema ndio kwa jambo ambalo mchana angelikataa.

Nakueleza sababu ili na wewe uweze kuwaeleza wao. Mimi nasimamia sherehe hapa Dar tangu enzi mchango unaletwa kwenye bahasha na kuandikwa kwenye kaunta buku, M-Pesa haijaja, maana hiyo ilianza hapa kwetu 2008. Simu imerahisisha kutuma hela lakini kinachomfanya mtu atume hakijabadilika hata kidogo. Mtu analipa ahadi kwa sababu siku inakuja, kadi hajapata, na hataki jina lake lisomwe kwenye kikao bila kitu mbele yake. Siku ikishapita hizo sababu zote zinakufa kwa mkupuo, mtu anaona picha kwenye status, ukumbi umependeza, watu wamekula, anajiambia kumbe hela ilitosha. Afu hapohapo inaingia michango ya harusi yenyewe ya Desemba, inakuja Krismasi, inakuja Januari na ada za shule. Hebu niambie katika hao wote ni nani ataamka tarehe 10 Januari akumbuke kulipa ahadi ya sendofu iliyofanyika Novemba? Anayebaki na deni lako ni mamdogo peke yake, na mamdogo angekuwa na milioni 5 asingekuita jikoni.

Na mkopo wa kikoba una wadhamini. Wale wanawake wenzako walioweka sahihi hawamjui mwali, hawajaalikwa hata sendofu, ila ukichelewa rejesho wao ndo wanabanwa. Unaona jinsi aibu inavyohama? Inatoka kwa kamati yenye watu wazima wenye kazi zao, inakuja kukaa juu ya kichwa chako wewe na watu ambao hawahusiki kabisa.

Kuna kingine ambacho nataka ukishike katika kazi hii ukiendelea nayo, na mimi naomba uendelee nayo. Siku mratibu anapotoa hela yake mfukoni kulipia sherehe ya mteja, anaacha kuwa mratibu. Hawezi tena kusimama kwenye kikao akasema wageni ni wengi, kwa sababu ameshaziba pengo na pengo likishazibwa nani atasikiliza habari za kupunguza? Mjomba ataona alikuwa sahihi, ahadi zipo, na wataongeza wageni wengine ishirini. Kamati yenu haijakosa mtu wa kukopa, imekosa mtu wa kuisomea hesabu ya kweli mapema wakati bado kuna wiki tano za kurekebisha, na huyo mtu kwa taaluma ni wewe.

Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Sendofu moja Mbezi, kamati ilikataa kabisa kupunguza watu, wakamlipa mama wa chakula sahani 250 wakaalika 400, wakisema wengine hawatakuja. Wakaja. Saa 4 na nusu usiku bafe ya upande wa kushoto imeisha nyama, meza za nyuma bado hazijaitwa, na kwenye meza moja ya nyuma alikuwa amekaa mzee wa kofia ya kijivu, baba mkubwa wa bwana harusi mtarajiwa, katoka Singida na basi siku hiyohiyo. Sahani yake ilikuwa na kachumbari, wali kidogo na kipande cha ndizi. Hakulalamika, alikula akanawa akakunja kitambaa vizuri akakiweka pembeni. Ila mama wa mwali aliiona ile sahani kutoka meza kuu, na najua mpaka leo akikutana na wakwe hiyo ndo inamjia kichwani, wala si yale mapambo ya dari waliyolipia milioni kadhaa. Kwahiyo mama yako akisema usituaibishe, aibu yenyewe iko huku, kwenye kualika watu ambao huna hela ya kuwalisha.

Sasa hesabu. Chukua daftari.

Mgeni mmoja kwenye bajeti yenu ni sahani ya 25,000 na vinywaji kama 13,000, nimegawa ile 4,600,000 kwa watu 350. Maana yake kila jina mnaloandika ni 38,000 kabla hajapata hata kiti. Mkitoka wageni 350 mkaenda 220, hao 130 peke yao wanaokoa karibu milioni 5, yaani ileile milioni 5 unayotumwa ukaikope. Meza zinatoka 35 zinakuwa 22, mapambo ya milioni 4 na nusu yanaweza kushuka kwenye milioni 2 na laki 8 hivi bila mtu kuona tofauti, mpambaji akiondoa ile ya dari na kukusanya maua kwenye jukwaa na meza kuu. Laki 9 ya kuvunja kamati ifutwe leo, kamati ivunjwe kwa soda nyumbani kwa mwenyekiti. Video mtu mmoja na picha mtu mmoja, drone ya nini ukumbini? Nguo za mwali na mpambe zikaguliwe upya, keki vilevile. Ukifanya hivyo bajeti inatua chini ya milioni 19, na kwa kuwa milioni 9 na laki 2 zimeshaingia, mnatafuta kama milioni 9 na laki 8 badala ya milioni 18 na laki 8. Hilo la kwanza kwa wiki tano linawezekana. La pili mwanangu haliwezekani, na mjomba moyoni anajua.

Uliza ukumbi kama ile milioni 4 ina VAT ndani au nje, kwa sababu asilimia 18 ya milioni 4 ni 720,000 na nimeona kamati nyingi zinaishtukia siku ya kumalizia malipo. Uliza pia umeme ukikatika jenereta lao linabeba nini, viyoyozi au taa na muziki tu, na dizeli ni ya nani. Kama wana ukumbi mdogo kwenye jengo hilohilo waombe mhamie huko, wengi wanakubali kuhamisha advansi ukiwaambia mapema, ukiwaambia wiki ya mwisho wanakataa.

Msivyogusa ni chakula kwa idadi mtakayobaki nayo, maji ya kunywa mezani, spika na maikrofoni nzuri, usafiri wa wazee, na ndafu. Ndafu iacheni kabisa, yule mbuzi mzima wa kuchoma akiingia na majani mdomoni watu wote wanasimama na simu zao. Na ile ya mwali kutembea ukumbi mzima kumtafuta mtarajiwa wake mpaka ampate amshike mkono ampeleke meza kuu haina gharama yoyote zaidi ya MC anayejua kuipa muda na dijei anayejua kupunguza sauti pale inapotakiwa. MC mzuri usimwache kwa sababu ya laki 2 jamani, ukumbi wa watu 220 wenye MC anayejua majina ya wakwe na itifaki unapendeza kuliko wa 350 wenye mtu wa kupiga kelele.

Habari ya kuongea na mamdogo. Usianzie kikaoni na usiandike kitu kwenye grupu. Anza na mama yako, nenda kwake siku ya kazi jioni ukiwa na daftari, mwonyeshe ile 38,000 kwa mgeni mmoja afu mwambie habari ya wadhamini wako. Akielewa, mwombe muende wote kwa mamdogo. Wadogo kwa wakubwa kuna namna ya kusema, ukienda peke yako itaonekana binti amekuwa jeuri kwa sababu ana biashara, ukienda na dada yake inakuwa ni familia inaongea. Mwambie hivi kwa maneno yako: mamdogo, mkopo sitachukua kwa sababu hela ile ni ya watu na mimi sitaweza kuirudisha, ila ada yangu yote milioni 1 na laki 2 naitoa iwe mchango wangu kwa mdogo wangu, iandikwe kwenye daftari kwa jina langu leo, na siku ya sendofu nitasimama toka asubuhi mpaka kiti cha mwisho kitoke. Hapo umetoa kitu kikubwa sana na kimeonekana. Shida ya wengi wetu kwenye sherehe za ndugu ni kwamba tunafanya bure kimyakimya, hakuna anayejua tumetoa, afu tunanuna miaka mitatu.

Ila wasichana wako watatu posho yao na nauli na chakula chao kamati ilipe, hao hawana undugu na mwali. Kama ukipiga hesabu zako ukaona ada yote huwezi kuiachia, achia nusu na useme nusu, hakuna dhambi.

Mamdogo anaweza kulia, mwache alie. Anaweza pia kusema umebadilika. Nyamaza, usijibu neno kwa neno, na usiondoke kwa hasira. Anaogopa wakwe, anaogopa majirani, pengine kamati imemwachia peke yake ule woga, wewe unachompelekea ni njia ya kutokea.

Jumapili kikaoni omba mwenyekiti akupe nafasi kabla ahadi hazijasomwa. Usimpinge mjomba mbele za watu, mpe yeye heshima ya kutangaza, umwone Jumamosi na ile karatasi ili Jumapili aiseme kama uamuzi wa kamati. Daftari la ahadi ligawanywe, kila mjumbe achukue watu aliowaleta mwenyewe na awapigie simu, mtu kwa mtu, kwa sababu meseji ya grupu kila mtu anajua ni ya mwenzake. Na swali lisiwe utatoa au hutatoa, liwe ni lini na kiasi gani. Kuna watu wengi sana wamekaa kimya sababu waliahidi laki 2 wakiwa na furaha, saivi wana 50,000 na wanaona aibu kuileta. Ukimwambia dada hiyo 50,000 lete tu na Mungu akubariki, inaingia siku hiyohiyo kwenye lipa namba. Anayetaja tarehe mwandike, anayesema tutaona mfute kwenye hesabu lakini usimfute kwenye heshima.

Angalia kalenda pia, kati ya leo na sendofu kuna mshahara mmoja tu wa kutegemea, wa mwisho wa Oktoba. Kwahiyo tangazeni mwisho wa michango iwe tarehe 5 Novemba, na kadi zisichapwe kabla ya hapo. Mkishachapa kadi 350 na kuzigawa hakuna tena cha kumsukuma mtu. Tengenezeni kwanza orodha ya wasiolipa kabisa na wanaopewa kadi kwa heshima, bibi na babu, viongozi wa dini, wazee wa pande zote mbili, na ule msafara wa wakwe mkubaliane nao idadi kwa mdomo wa mshenga. Baada ya hapo kadi za singo (mtu mmoja) na dabo (watu wawili) kwa waliochangia kwa kiwango mlichopanga. Mtu wa 50,000 akipewa kadi ya singo hakuna ugomvi, ugomvi unakuja pale asiyetoa anapokaa mbele ya aliyetoa.

Hela yote ilipwe na mweka hazina moja kwa moja kwa mama wa chakula, mpambaji na wengine, na risiti zipigwe picha ziwekwe kwenye grupu. Isipite kwenye simu yako hata kama ni elfu 20 ya riboni. Watu wakianza kusema hela imeliwa, na kwenye sendofu lazima kuna atakayesema, wewe hakuna muamala hata mmoja uliopita kwako wa kukufanya ujitetee. Na siku yenyewe vinywaji vihesabiwe kreti kwa kreti vikishushwa, wewe na mtu mmoja wa familia mwenye sauti, stoo iwe na funguo moja. Sherehe nyingi soda zinaisha saa 3 usiku na wageni hawajanywa, zimetokea mlango wa nyuma.

Tuje kwa yule dada wa 1,400,000. Usimtume mtu, usimseme status, usimpigie usiku. Mwandikie meseji moja ya adabu yenye tarehe ya harusi, kazi mliyokubaliana, alicholipa, kilichobaki, na umpe njia ya kulipa kwa awamu tatu zenye tarehe. Akijibu hata kwa neno moja la kukubali, lihifadhi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, kazi inakuwa kwenye kuyathibitisha, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 jumbe za simu zinaweza kupokelewa kama ushahidi, kwahiyo usifute kitu, hata zile voisi. Asipojibu wiki mbili mpelekee barua kwa mkono, nakala ubaki nayo. Ikishindikana kabisa kuna mahakama ya mwanzo, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Wengi wanalipa wakiiona barua, wanagundua hujachukulia kama umbea.

Na kwa wateja wanaokuja, karatasi moja tu inatosha mwanangu, hata kama ni rafiki wa kanisani. Iandikwe unafanya nini na hufanyi nini, nusu ya malipo siku ya kusaini, na iliyobaki yote siku saba kabla ya sherehe. Hakuna senti inayobaki kudaiwa baada ya keki kukatwa, kwa sababu ileile niliyokwambia kuhusu ahadi, siku ikipita na hamu ya kulipa inapita. Mteja anayegoma kusaini karatasi hiyo mapema ni afadhali mkaachana akiwa bado anakupenda.

Umesema unawaza kwenda Kariakoo. Sikukatazi kuuza nguo, kazi ni kazi, lakini sioni kama ni sherehe zinazokuchosha, nakuona umechoka kubeba hela za watu na hofu za watu juu ya kazi ambayo yenyewe inatosha kumchosha mtu. Hii kazi inakula miguu. Inakula wikiendi zote, watoto wako wanakua wakikuona Jumamosi unatoka alfajiri na viatu viwili mkononi. Masika barabara ya Jangwani ikifungwa kwa maji unasimama na simu mbili unaelekeza gari ya chakula izunguke, huku mama wa mwali anakuuliza mbona hawajafika. Na katika watu wote ukumbini wewe ndo hujala. Kwahiyo kula kabla, chai ya kwenye chupa na chapati mbili saa 10 jioni kabla wageni hawajaanza kuingia, na wasichana wako vilevile, usimwachie mtu akasimama mpaka usiku wa manane na njaa akitazama wengine wanakula. Kipindi cha Kwaresima ambapo harusi za kanisani zinasimama, lala. Usijaze bethdei kila Jumamosi kwa sababu tu simu imetulia.

Mtu anayesisimka kila mwali akiingia ukumbini ana kitu ambacho mimi nikiwa natafuta vijana wa kufanya nao kazi huwa nakitafuta sana na sikioni mara nyingi. Mapambo yanafundishika. Kujali kama yule mama analia kwa furaha au kwa wasiwasi wa bili, hilo mtu anakuja nalo. Ndo maana nakuomba ubaki, ila ubaki ukiwa na karatasi zako na hesabu zako.

Viti usinunue sasa. Piga hesabu ya stoo, ya Canter ya kuvibeba, ya mtu wa kuviosha, ya vile vitakavyovunjika, halafu kumbuka vitalala ndani Kwaresima nzima. Wewe unajua kushona, na vitambaa vya meza unavikodi kila wiki kwa watu wakati mashine unayo. Lile deni likianza kuingia nunua kitambaa, nyeupe na krimu, ushone vya meza 25 vizuri na akiba kidogo ya kubadilisha vikichafuka, vinakaa kwenye begi mbili chini ya kitanda na ndo vinavyoombwa na kila mteja. Viti endelea kukodi mpaka Pasaka ipite, kisha niandikie tena tuzitazame hesabu pamoja.